Mambo Ayapendayo Mama Mwenye Nyumba

Neno la kwanza alilolikataa katika tovuti yangu lilikuwa "ashiki", na kwa kweli sikuwa na nia mbaya. Tovuti niliiandika kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa chuoni, na pale juu kabisa, chini ya picha yangu nikiwa nimevaa koti la kuazima, palikuwa na sentensi ya kuwaambia waajiri jinsi ninavyoipenda kazi yangu kupita kiasi. Mama Mwenye Nyumba aliniamuru nimfasirie. Nikatafuta neno zito la kumridhisha, nikashika lililokuwa karibu.

"Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi," nikasoma, "mwenye ashiki."

Akaweka kikombe chini.

"Mwenye nini?"

"Ashiki, Mama. Na mitambo."

"Astaghfirullah! Na mitambo?" Akanitazama kuanzia nywele hadi kandambili. "Na picha yako umeiweka papo hapo, watu wakujue kwa sura?"

Nilijaribu kueleza. Hakutaka maelezo. Aliniambia nilifute neno lile kabla jirani hajaliona, kisha akaomba nimsomee yaliyobaki, maana kama mwanzo ni huo, basi huko ndani lazima mna makubwa zaidi.

Nilikuwa mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme, chuoni Kilifi, na nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake. Mhadhiri wetu alikuwa ametutangazia kwamba hakuna atakayekwenda kufanya mafunzo ya kazini bila kuwa na tovuti yake binafsi: miradi yako, masomo yako, na mambo unayoyapenda, ili waajiri wakujue kabla hawajakuona. Chumbani kwangu mtandao ulikuwa haushiki. Ulishika mahali pamoja tu, karibu na mfereji wa nje, bomba tulilochotea maji, na hapo ndipo Mama Mwenye Nyumba alipokuwa ameweka kiti chake cha plastiki. Kwa hiyo niliijenga tovuti yangu nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, na yeye begani kwangu kama msimamizi wa mtihani.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata watu wenye nyumba zao wenyewe. Mimi pia sitamtaja kwa jina jingine. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya hospitali, nikaona halifanani naye.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuvuka nyua tatu bila kuchoka. Kutoka kwenye kile kiti aliona lango, jiko na milango mitatu ya wapangaji kwa pamoja. Kiswahili chake kilikuwa cha Malindi, Kiswahili kilichoshiba, kila neno limekaa kitako mahali pake. Mimi mtoto wa Jilore, nyumbani tunasema Kigiriama, na changu cha shuleni alikiita Kiswahili cha redio. Nikimwamkia vizuri, "Shikamoo, Mama, umeamkaje?", alinijibu marahaba kisha akaniuliza kama habari zinazofuata ni za hali ya hewa.

Sheria za nyumba yake zilikuwa nyingi na alizivunja zote yeye mwenyewe. Kelele zilikatazwa, naye hakuwahi kumwita mtu bila kupiga ukelele. Wageni baada ya Maghribi walikatazwa, ila kama mgeni alikuwa na habari za talaka ya mtu, alikaribishwa kwa chai. Alisali sala tano kwa wakati wake, sikuwahi kumwona akichelewa, na akishamaliza Isha alifungua televisheni akatazama mieleka. Aliwapenda wale wanaume wanene waliovaa chupi za kung'aa wakitupiana viti. Alikuwa akijitanda leso hadi kwenye paji la uso anapowatazama, kwa heshima, kana kwamba wao nao wanamwona.

"Mama, yale ni maigizo," nikamwambia siku moja. "Wanapatana mapema nani aanguke."

"Na nyinyi huko chuoni? Mwalimu anawaambia mapema kitakachokuja kwenye mtihani, kisha mnakwenda kujifanya mnafikiri. Wale angalau wanatoka jasho."

Mimi aliniita Fundi. Nilimsahihisha mwanzoni, kwa upole, kwamba ninasomea uhandisi na kuna tofauti. Akasema tofauti anaijua: fundi huja akamaliza kazi, mhandisi huja akaeleza kwa nini haitamalizika. Baada ya hapo nilinyamaza, hasa kwa kuwa wakati huo feni yake ilikuwa imelala mezani kwangu wiki ya pili, vipande vipande. Feni hiyo haikuwa mbovu. Nilitaka tu kuona ndani.

Hapo lazima niseme kuhusu tangi. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa, na kila pampu ilipowashwa, watu walisahau, maji yakafurika yakamwagika hadi jikoni. Nikamtengenezea chombo kidogo: boya linaelea ndani ya tangi, maji yakijaa linasukuma swichi, swichi inapiga filimbi. Siku ya kwanza kilifanya kazi vizuri mpaka majirani wakaitwa wakione. Siku ya tatu palikuwa na hitma uani kwake, wanawake wamejaa kwenye mikeka, dua inasomwa, mvua ikaanza kunyesha, maji ya paa yakaingia tangini. Filimbi ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu, siwezi kupita katikati ya wanawake kwenda kupanda paa.

"Ni nini hicho?" mgeni mmoja akauliza.

"Kasuku," Mama Mwenye Nyumba akasema, uso mkavu. "Wa mpangaji."

"Maskini, mvua yote hii! Si aletwe ndani?"

"Amelala."

Filimbi ikalia kwa nguvu zaidi.

"Huota ndoto," akasema, akaendelea na dua.

Wageni walipoondoka nilitoka nikijua ninafukuzwa. Akaniambia kasuku wangu ana akili kunishinda, anajua wakati wa maji, kilichobaki ni kumfunza wakati wa watu. Chombo kikabaki. Nilikipunguza sauti, na mtaa mzima ukaendelea kuniuliza habari za ndege.

Sasa ile sehemu ya mambo ninayoyapenda. Nilikuwa nimeandika kama kila mtu darasani: kusoma vitabu, kusafiri, na kujitolea kwa jamii. Mama Mwenye Nyumba alisikiliza tafsiri, akanyoosha miguu, akaanza kazi.

"Kusafiri. Umesafiri wapi?"

"Mombasa."

"Na wapi tena?"

"Jilore."

"Huko ni kwenu. Mtu hasafiri kwenda kwao. Haya, vitabu. Nimekuona na kitabu lini?"

"Vya masomo, Mama."

"Unavilalia. Na kujitolea? Juzi nimekuomba unisogezee gunia la makaa, ukaniambia una mtihani, nikakuta umelala mchana kweupe, mdomo wazi." Akatikisa kichwa. "Wewe umeandika mtu mwingine, Fundi. Huyo akija kutafutwa hapa nitasema simjui."

Nilikasirika kidogo. Nikamuuliza, basi kwa maoni yake mimi ninapenda nini. Nilidhani atacheka. Badala yake akaanza kuyataja bila kusita, kama mtu anayetaja bei.

"Unapenda kufungua vitu vizima. Unapenda kuongea na vyuma. Nakusikia humo chumbani, unavibembeleza, ukishindwa unavitukana kwa Kigiriama. Kila Jumapili unakwenda kusimama darajani, huangalii maji, unaangalia chini ya miguu yako."

"Ni viungo vya daraja. Lori likipita vinatoa sauti, nataka kujua..."

"Nimekuuliza? Unapenda kulala. Unapenda wali wa nazi uliopikwa na mtu mwingine. Na unapenda mtu akikusifu, ila hujui uweke wapi mikono yako." Akainua kikombe. "Andika hayo."

Nikayaandika, kwa Kiswahili, mwanzoni kwa mzaha. Kiingereza changu nikakiacha kwenye kurasa za miradi, kikakaa huko na koti lake la kuazima. Lakini ule ukurasa wa mambo ninayoyapenda niliusoma tena kesho yake asubuhi, nikaona aibu, kwa sababu ulikuwa mahali pa kwanza katika ile tovuti ambapo nilijitambua.

Wiki moja haikupita akanijia na dai.

"Stima ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, Mama."

"Ndoo unayokalia?"

"Yako."

"Mtandao unashika wapi?"

"Kwenye kiti chako."

"Basi inakuwaje wewe una kurasa sita, mimi sina hata mmoja?"

Ndivyo ulivyoanza ukurasa wake. Niliuweka mwishoni kabisa, baada ya miradi, mahali ambapo nilidhani hakuna mwajiri atakayefika. Kila Ijumaa baada ya Alasiri alikaa sawasawa, akajitengeneza leso, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake siku nyingine, sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Mimi niliandika kama alivyosema. Nikijaribu kunyoosha sentensi, alisimama nyuma yangu na kuuliza nimelipeleka wapi neno lake.

Alisema anapenda maji ya kwanza ya mfereji asubuhi, yakija na hewa, yakikohoa. Anapenda kusikia mtu na mkewe wakigombana nyumba ya tatu, mradi wasipatane mapema. Anapenda wanaume wazito wakitupana. Hapendi kuambiwa "polepole, Mama" anaposhuka ngazi, kwa kuwa ngazi zenyewe alizijenga yeye. Na anapenda halua, ile nyeusi inayong'ang'ania meno, ambayo huila jikoni, amesimama, ameupa mlango mgongo, ili hata yeye mwenyewe asijione.

Hapo niliacha kuandika. Mama Mwenye Nyumba alikuwa na ugonjwa wa sukari, wapangaji wote tulijua, na alikuwa na binti mmoja tu, afisa katika kampuni ya mizigo Mombasa, aliyempigia simu kila jioni. Simu hizo tulizisikia sote kwa sababu mama hakuwahi kuamini kwamba sauti inaweza kufika bila kipaza sauti. Binti aliuliza, "Umekula nini, Mama?" Yeye akajibu, "Mboga na samaki wa kuchoma." Binti akauliza, "Dawa?" Akajibu, "Nimekunywa, nimelala mchana, nimetembea, alhamdulillahi." Huku vidole vinanata halua.

"Mama," nikamwambia, "hili la halua. Dada akilisoma?"

"Nani? Ana kazi huyo. Namtumia ujumbe mrefu wa sauti, ananijibu kwa kile kidole gumba. Andika."

Nikaandika.

Waliousoma kwanza walikuwa wanafunzi wenzangu. Halafu wenzao. Halafu mhadhiri akasema darasani, bila kutabasamu, kwamba mradi wangu wa tangi ungestahili kusomwa na watu nusu ya wale wanaosoma habari za mwenye nyumba wangu. Wasichana wa bweni walikuwa wakipita langoni makusudi kumwona. Alijifanya anakereka. "Hawana masomo hawa?" aliuliza, amevaa leso mpya, kiti amekigeuza kikatazama njia.

Jumamosi moja kabla ya adhuhuri gari lilisimama nje na binti yake akaingia, simu mkononi, bila hata kubisha. Nilikuwa kwenye ndoo yangu. Nilimjua kwa sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja? Nimepika mboga tu."

"Nani kaandika haya?" Akainua simu.

"Mimi."

"Kwa mkono wa nani?"

Mama akanyoosha kidole bila huruma yoyote. "Wa Fundi."

Binti akanigeukia. Alikuwa na macho ya mama yake, ila yake yalikuwa yamepigwa pasi. "Wewe ndiye unayemwandika mama yangu mtandaoni? Mgonjwa? Watu wamcheke? Futa. Sasa hivi, mbele yangu."

Nikafungua kompyuta.

"Ukifuta, hama," Mama Mwenye Nyumba akasema.

"Usipofuta, nitakuhamisha mimi," binti akasema.

Mitihani ilikuwa karibu na nilikuwa sina pengine pa kulala. Nikatazama skrini, nikasema mtandao umekatika, jambo ambalo lilikuwa uongo na wote wawili walilijua. Binti akasonya. Akaanza kusoma kwa sauti, pale pale amesimama, kama hakimu anayemsomea mtu mashtaka yake.

"'Napenda halua, ile nyeusi.' Mama! 'Naila jikoni nimesimama.' Kila siku unaniambia samaki wa kuchoma! 'Napenda majirani wakigombana.' Aibu gani hii? 'Napenda simu ya binti yangu, nayo naipenda zaidi kabla hajaanza kuuliza.'" Hapo akapunguza mwendo. "'Napenda kusikia gari likisimama nje. Mara nyingi ni la jirani.'"

Mfereji ulikuwa ukidondoka, na nakumbuka kwamba sikuthubutu kuinuka kuufunga. Binti alikuwa bado anatazama simu lakini alikuwa hasomi tena. Mama yake alikuwa akiangalia lango.

"Mbona umenyamaza?" Mama Mwenye Nyumba akasema. "Endelea. Mbele kuna mieleka."

Binti akacheka, cheko lililomponyoka, kisha akalia, kisha akakasirikia kulia kwake akaingia jikoni na kuanza kufungua makabati. Halua aliipata ndani ya boksi la pasi. Alipomvua mama yake viatu kwa nguvu, kwa sababu alikuwa ameona anavyokanyaga, akapata kile ambacho hakikuandikwa kwenye ukurasa wowote: kidonda mguu wa kushoto, kidole cha mwisho, kimefungwa kitambaa cha leso. Hakuna mpangaji aliyejua. Mimi niliyekaa naye kila siku, niliyejidai ninaona jinsi kila kitu kinavyofanya kazi, nilikuwa nimeona anakaa muda mrefu kwenye kiti, nikadhani anapenda kukaa.

Walimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Walimlaza, wakajaribu kukiokoa kidole, wakashindwa, wakakikata. Nilikwenda kumtazama na machungwa, nikakumbuka mlangoni kwamba machungwa nayo yana sukari, nikampa nesi.

"Pole, Mama," nikasema.

"Pole ya nini? Kilikuwa kidogo." Akautazama mguu uliofungwa. "Halafu sikukitaja kwenye ukurasa. Wala sikuwahi kukipenda."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa amegeukia ukuta, na mkono wake ulikuwa umeishika shuka kwa nguvu mpaka vifundo vikaonekana. Nikakaa pale mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Binti alitaka kumchukua akaishi naye Mombasa. Walibishana siku tatu, nyumba nzima ikahudhuria. Mama akashinda, kwa muda. Lakini jambo ambalo sikulitarajia lilitokea asubuhi binti alipokuwa akiondoka. Alinifuata kwenye mfereji, mkoba begani, akasema kwa sauti ya chini:

"Ule ukurasa. Usiufute."

"Dada, nilidhani..."

"Kwenye simu ananidanganya. Huko hadanganyi. Sasa nitajuaje?" Akatafuta funguo za gari kwenye mkoba, akazikosa, akazipata mkononi. "Mwandike tu kama anavyosema."

Tangu hapo jioni zilikuwa za kuchekesha. Simu ililia, mama akasema amekula mboga. Binti akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Nimesoma, Mama." Na mama akanitazama mimi kwa jicho la kuua, ingawa Ijumaa iliyofuata alikaa tena kitini, akajitengeneza leso, akasema kila kitu. Mara nyingine alisema kwa makusudi, najua. Aliposema anapenda pilau ya binti yake kuliko ya mtu yeyote duniani, binti alikuja Jumamosi na sufuria.

Mimi mafunzo ya kazini niliyapata kwa kampuni ndogo ya maji. Walionihoji walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifungua tovuti yangu. Waliniuliza kama ninaogopa kupanda juu. Nikasema hapana. Wakanichukua. Mama Mwenye Nyumba alipopata habari hizo alikasirika kwa niaba yangu, halafu kwa niaba yake mwenyewe, akasema nchi hii haisomi.

Nikamaliza chuo, nikahamia Malindi kufunga pampu za maji zinazotumia jua. Yeye mwishowe alihama pia. Binti alipata nyumba Vipingo, kati ya kazini kwake Mombasa na Kilifi, akamchukua. Simu yangu ilizama kisimani kazini na namba zote, na nikawa ninajiambia nitapita, nitapita. Ukurasa wake haukuongezwa neno.

Asubuhi moja mwaka huu niliitwa Kuruwitu, jirani na Vipingo, kwenye nyumba moja ya ufuoni ambayo pampu yake ilikuwa imegoma. Nilikuwa nimepiga magoti mchangani kando ya kisima, nimeshaifungua mashine na kuifunga, ninaiambia kwa Kigiriama ninavyoifikiria, niliposikia sauti kutoka majini.

"Mwenye matusi hapo! Si Fundi huyo?"

Nikasimama, nikageuka. Palikuwa na wanawake kadhaa ndani ya maji ya kiunoni, wamevaa madira yaliyofura kwa maji, wameshikana mikono, wanatembea kwenda na kurudi.

"Geuza uso wako!" Sauti ile ile, nyua tatu. "Hii ni saa ya wanawake! Jilore hamna adabu?"

Niligeuka upesi nikaukabili ukuta wa nyumba.

"Shikamoo, Mama," nikauambia ukuta.

"Marahaba. Sauti yako imenenepa. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Hukunialika."

"Simu ilizama kisimani, Mama, na namba zote."

"Na miguu? Nayo ilizama?"

Wenzake wakacheka. Ukuta ulikuwa na ufa mdogo nikaukodolea macho kwa bidii kubwa. Nikamuuliza anafanya nini huko majini, kwa sababu miaka yote ile Kilifi sikuwahi kusikia akitaja bahari. Akasema alikuwa akiiogopa. Mtu wa Malindi, akasema, ameisikia tangu kuzaliwa kwake na hakuwahi kuingiza hata kisigino. Sasa daktari ameamuru atembee na ardhi inamuumiza, basi hawa mashetani wanamburuta majini kila Jumamosi, na kila Jumamosi anadhani atakufa, na hajafa.

"Unaipenda?" nikauliza.

"Bado naiogopa. Nyamaza, tunatoka."

Nilisikia maji yakimwagika kutoka kwenye nguo, vicheko, leso zikikung'utwa. Kisha akasema ameshajitanda, naweza kugeuka. Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, amekonda, fimbo mkononi, anatabasamu kwa furaha kubwa. Alikuwa anautabasamia mnazi uliokuwa kushoto kwangu.

Nikavuta pumzi.

"Usiniambie pole," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unajiandaa. Jicho la kulia lilikwenda mwaka jana. La kushoto linanipa mwanga tu, kama mtu yuko nyuma ya pazia."

"Kama huoni, kwa nini umenigeuza uso muda wote ule?"

"Wewe unaona." Akashangaa kwamba hata hilo ninahitaji kuelezwa. "Haya, nitoe mpaka barabarani, gari la binti yangu litakuja. Siwezi kushikwa mkono na mwanamume mbele ya hawa, watanisema mpaka Ramadhani. Tangulia wewe. Sema, nikufuate sauti."

"Niseme nini?"

"Chochote. Una kazi gani siku hizi?"

Njia ya kwenda barabarani ilipita kati ya kuta mbili za matumbawe, nyembamba, ina mawe. Nikatangulia polepole. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga. Nikaanza kumwambia kwamba mimi sasa ni mhandisi mkuu wa miradi, kwamba ninasimamia kazi kuanzia Kilifi hadi Malindi na kuendelea, kwamba kampuni inanitegemea, kwamba mambo ni mazuri sana.

Fimbo ikasimama.

"Huko siwezi kukufuata," akasema. "Anza tena."

Mahali fulani nyuma wale wanawake walikuwa bado wanacheka. Nikamwambia kwamba ile pampu sijui ina nini, nimeifungua mara mbili na nitaifungua ya tatu, na mwenye pampu anapiga simu. Kwamba tuko wawili tu kwenye hiyo kampuni, mimi na mwenye gari. Kwamba nina mtoto wa kike, bado hajaanza kusema, na mke wangu anataka turudi Jilore akakulie huko, na mimi nataka pia, ila ninaona haya kurudi mikono mitupu.

Nyuma yangu fimbo ikaanza tena kugonga mawe.